Uvimbe kwenye mfuko wa chakula: mwongozo wa upasuaji wa matundu madogo kwa mkazi wa Bwaise

Anayeumwa tumbo Bwaise, mtaa wa Kampala, huanzia duka la dawa. Anaeleza shida yake kwa maneno mawili matatu, anapewa vidonge vya omeprazo na vya magnesia, analipa, anarudi kazini. Mara nyingi anapata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayomponza. Omeprazo hupunguza asidi, na kidonda kilichoota juu ya saratani nacho huweza kutulia, hata kufunga juujuu kwa wiki kadhaa, huku uvimbe ukiendelea kukua chini yake. Wapo wanaozunguka hivyo mwaka mzima, duka hadi duka, kabla mtu hajawaambia wapande hospitali ya Mulago wakaangaliwe kwa kamera.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo, na wa ndugu watakaomuuguza. Unahusu upasuaji ambao tumbo halipasuliwi kutoka chini ya kifua hadi kitovuni: daktari hutoboa matundu manne au matano, huingiza kamera na vyombo virefu vyembamba, kisha hufanya kazi akitazama skrini. Kampala imeshazoea kusikia habari zake kwenye mawe ya nyongo, kidole tumbo na uvimbe wa kizazi. Kwenye mfuko wa chakula kazi ni nzito zaidi, na anayeulizia matundu madogo kabla ya kuulizia mambo mengine anaanzia mwisho. Ukubwa wa kovu ni jambo la mwisho kabisa katika yale yanayoamua kama mgonjwa atapona. Yanayotangulia ni uvimbe umeonwa mapema kiasi gani, ni wa aina gani, na utashikwa na mikono ya nani.

Kamera ya mdomoni kwanza

Ishara za kuachana na duka la dawa zinajulikana: kushiba baada ya matonge machache, kutapika chakula cha jana, kukonda bila kukusudia, chakula kukwama kifuani, kupungukiwa damu bila sababu inayoonekana, na choo cheusi cha kunata chenye harufu kali. Mwenye mojawapo asisubiri, awe na miaka 30 au 70. Aliyevuka miaka 50 akaanza kuumwa tumbo ambalo halijawahi kumsumbua, naye aangaliwe, hata kama vidonge vinamtuliza. Hadhari moja tu kuhusu choo cheusi: vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma hukigeuza rangi pia, kwa hiyo mwambie daktari kama unavimeza.

Asili ya mtu nayo ina uzito. Saratani ya mfuko wa chakula imeonekana zaidi katika nyanda za juu za ukanda huu kuliko mabondeni: kusini magharibi mwa Uganda, Rwanda, Burundi, Kivu, hadi miteremko ya Kilimanjaro. Bwaise imejaa watu waliotoka Kisoro, Kabale na ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Mwenye asili hiyo, na zaidi aliyefiwa na mzazi au ndugu kwa ugonjwa wa tumbo, ana sababu ya ziada ya kutolipuuza lake.

Kisa kikubwa cha saratani hii ni bakteria wa Helicobacter pylori, ambao Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waliwaotesha maabara mwaka 1982, wakaja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Marshall aliwahi kunywa kikombe chenye bakteria hao ili kuthibitisha kwamba wanaumiza tumbo, asiigwe. Huambukizwa zaidi utotoni, katika nyumba zenye msongamano na maji ya mashaka, na Bwaise III, ambako maji ya ardhini yako karibu sana na mashimo ya vyoo, ina vyote viwili. Kliniki nyingi ndogo hupima kwa tone la damu. Kipimo hicho huonyesha tu kwamba mwili uliwahi kukutana na bakteria. Hakitofautishi ambukizo la leo na la miaka 10 iliyopita. Kipimo cha choo ndicho chenye maana, na omeprazo iachwe wiki mbili kabla yake, la sivyo majibu yanaweza kudanganya. Wala kukutwa na bakteria hakumaanishi kwamba hakuna uvimbe. Ikiwa una zile ishara, dawa za siku 14 za kuua bakteria hao zisikuzuie kwenda kuangaliwa.

Sasa kipimo chenyewe, endoskopi. Usile tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, angalau saa nane, hata chai. Ukifika unapuliziwa dawa ya ganzi kooni, na pengine unachomwa sindano ya kukulegeza. Unalala ubavu wa kushoto, unang'ata kipete cha plastiki ili meno yasiume mpira, kisha mpira wenye kamera, unene wake kama sentimita moja, unateremshwa kooni. Utasikia kichefuchefu, mate yatatiririka, na hewa inayopulizwa kukunjua mfuko itakufanya ubeue kwa kelele. Yote hayo ni kawaida. Pumua kwa pua, polepole, na usimeze mate. Kwa kawaida kazi inaisha ndani ya dakika 10 hivi. Ukichomwa sindano ya kulegeza, usiende peke yako na usirudi kwa bodaboda.

Daktari akiona kidonda au kinundu, hukata vipande vidogo vya nyama, sita hadi nane, hasa pembezoni mwa kidonda. Hakuna maumivu. Hapa ndipo ndugu wa mgonjwa anapokuwa na kazi, kwa sababu katika hospitali nyingi yeye ndiye hukabidhiwa chupa aipeleke maabara. Hakikisha vipande vimezama kabisa ndani ya fomalini, si maji wala spiriti. Soma jina lililoandikwa kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko tu, ulinganishe na la kwenye fomu. Andika namba ya simu inayopatikana. Uliza majibu yatatoka lini, na siku ikifika uyafuate mwenyewe. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967 katika kilima cha Mulago, humtibu mgonjwa kwa kutegemea karatasi hiyo. Bila majibu ya maabara utaambiwa urudi ukayalete. Toa nakala tatu, moja ikae kwa ndugu anayekaa sehemu ambayo haifiki maji ya mafuriko.

Uvimbe si mmoja

Majibu yakirudi, tafuta neno moja: ni uvimbe gani?

Ulio mwingi ni ule unaoanzia kwenye ngozi laini ya ndani ya mfuko, saratani yenyewe. Huenea kwa kupenya ukuta na kusafiri kwenye tezi za limfu zinazouzunguka, kwa hiyo upasuaji wake hauishii kwenye uvimbe. Sehemu kubwa ya mfuko huondolewa, mara nyingi theluthi mbili za chini, na wakati mwingine mfuko mzima, pamoja na tezi za jirani.

Aina ya pili, GIST, huota ndani ya msuli wa ukuta. Kwa nadra sana huenda kwenye tezi, kwa hiyo daktari hukata kipande kidogo cha ukuta pamoja na uvimbe, bila kuupasua, na mfuko unabaki. Huu ndio uvimbe unaofaa matundu madogo kuliko mwingine wote, hasa ukiwa chini ya sentimita tano na umekaa mahali panapofikika. Ukiwa mkubwa, kidonge cha imatinibu, kilichoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 2000, huweza kuupunguza kwanza. Mwenye GIST akiambiwa tumbo lote lazima lipasuliwe kwa uvimbe wa sentimita tatu, ana haki ya kutafuta daktari wa pili.

Kuna limfoma pia, saratani ya chembe za kinga, ambayo kwa kawaida hutibiwa kwa dawa bila kisu. Jina la Mulago limo kwenye historia ya limfoma duniani: hapo ndipo Denis Burkitt alipoieleza mwaka 1958 ile ya taya za watoto inayoitwa kwa jina lake. Ya kwenye mfuko wa chakula ni nyingine, na aina yake mojawapo huweza kuyeyuka kwa dawa za kuua bakteria wa tumbo peke yake. Ndiyo maana hakuna sababu ya kukubali kupasuliwa kabla ya majibu ya kipande cha nyama, isipokuwa damu inamwagika au njia ya chakula imeziba kabisa.

Na kuna uvimbe wa mapema kabisa, ulio juujuu tu, unaoweza kubanduliwa kwa kamera ya mdomoni bila tundu hata moja. Japani na Korea Kusini wameuzoea kwa sababu wanautafuta: Mkorea aliyefikisha miaka 40 huitwa kupimwa kila baada ya miaka miwili. Uganda haina mpango wa namna hiyo, na wagonjwa wengi hufika ugonjwa ukiwa umekomaa.

Kuchungulia kabla ya kupasua

Hatua inayofuata ni skani ya CT ya kifua na tumbo, inayoonyesha kama ugonjwa umeruka hadi kwenye ini au mapafu. Skani ina udhaifu wake. Punje ndogo za saratani zilizotapakaa kwenye utando wa tumbo, kila moja ikiwa na milimita mbili tatu, haizioni. Zamani mgonjwa alipasuliwa, daktari akazikuta, akashona tena bila kuondoa chochote. Mgonjwa akabaki na jeraha refu na wiki za kuuguza kidonda ambacho hakikumsaidia.

Hapa ndipo matundu madogo yanapotoa msaada mkubwa kuliko popote pengine kwa mgonjwa wa Kampala, ingawa hayatangazwi. Kwa tundu moja la kamera na moja au mawili ya vyombo, daktari huchungulia utando wote, huchukua vipande na maji ya kupima, na kuamua. Utando ukiwa safi, upasuaji mkubwa una maana. Ukiwa na punje, mgonjwa anarudi nyumbani baada ya siku moja au mbili na kuanza dawa za saratani, bila kupoteza mwezi akiuguza kidonda. Vifaa vinavyohitajika ni vilevile vya kutolea nyongo. Kwa hiyo ukiambiwa uvimbe umepenya ukuta au una tezi zilizovimba, uliza: "Daktari, mtachungulia kwanza?" Ni swali lenye faida zaidi kuliko lile la ukubwa wa kovu.

Kuna sababu nyingine ya kuuliza. Kwa saratani iliyopenya ukuta, dawa hutolewa kabla ya kisu na baada yake. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2019 juu ya mchanganyiko wa dawa nne, mizunguko minne kabla na minne baada, ulionyesha nusu ya wagonjwa wakiishi zaidi ya miezi 50, dhidi ya 35 kwa mchanganyiko wa zamani. Anayekimbilia chumba cha upasuaji wiki hiyohiyo anaweza kuwa amejinyima nusu ya tiba.

Wengi hufikiria kwenda kutibiwa India. Kabla kibanja hakijauzwa, maliza Kampala mambo matatu: majibu ya kipande cha nyama, skani ya CT, na kuchungulia utando pale inapobidi. Familia nyingi zimeuza ardhi na kusafirisha mgonjwa, halafu huko ikagunduliwa kwamba upasuaji haufai na dawa anazohitaji zinapatikana Mulago, mwendo wa kilomita chache kutoka Bwaise.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Theodor Billroth wa Vienna ndiye wa kwanza kuondoa saratani ya mfuko wa chakula akafanikiwa, mwezi Januari 1881. Ilipita miaka 110 kabla Seigo Kitano na wenzake wa Japani kuifanya kwa matundu, mwaka 1991. Kilichobadilika ni njia ya kuingilia. Kinachokatwa ndani ni kilekile, na hilo wengi hawaelezwi.

Mgonjwa hupewa nusukaputi. Tundu la kwanza huwa karibu na kitovu. Gesi ya kabonidayoksaidi inaingizwa na tumbo linainuka, ili vyombo vipate nafasi. Gesi hiyo huchaguliwa kwa sababu haishiki moto na mwili huitoa kwa pumzi. Matundu mengine, ya milimita 5 hadi 12, hupangwa kwa upinde. Daktari hukata mishipa ya damu mmoja mmoja, hukusanya tezi, kisha hufunga na kukata mfuko kwa stepla, na kuunganisha kilichobaki na utumbo mwembamba. Kuunganisha huko ndiko kugumu: ni kama kufunga kamba za viatu kwa vijiti viwili virefu huku ukitazama televisheni. Mwisho kipande kilichokatwa lazima kitoke, na hakitoki kwenye tundu la milimita 12. Mmoja wa mipasuko hupanuliwa hadi sentimita nne au sita. Mtu asije akashangaa baada ya kuamka.

Je, ni salama kwa saratani? Korea Kusini walilipima swali hilo kwa wagonjwa 1,416 wenye ugonjwa wa mapema. Baada ya miaka mitano, asilimia 94.2 ya waliofanyiwa kwa matundu walikuwa hai, na asilimia 93.3 ya waliopasuliwa wazi. Matatizo baada ya upasuaji yalikuwa asilimia 13 kwa matundu, karibu 20 kwa kupasua. China nao walichukua wagonjwa 1,056 wenye ugonjwa uliokomaa zaidi, wakakuta matokeo ya miaka mitatu yanalingana.

Takwimu hizo zisomwe pamoja na sharti lake. Kila daktari aliyeruhusiwa kushiriki Korea alikuwa ameshafanya angalau upasuaji 50 wa aina hiyo. Tafiti za Asia hukadiria kwamba mtu hufuzu baada ya wagonjwa 40 hadi 60. Katika jiji ambalo wengi hufika wakiwa hawafai tena kwa kisu, kuzifikisha hesabu hizo kunachukua miaka. Kwa hiyo daktari wa Kampala akisema, "Hii nitaifungua, ndivyo nitakavyoondoa tezi zote vizuri," hajakunyima kitu cha kisasa. Amekupa jibu la mtu anayejua kazi yake. Upasuaji wa wazi uliofanywa sawasawa unaushinda wa matundu uliofanywa kwa kubahatisha, na kwa saratani tofauti hiyo haionekani mwezi huo, huonekana baada ya miaka miwili.

Mambo yanabadilika, kweli. Oktoba 2023 Kigali ilifunguliwa IRCAD Africa, tawi la taasisi ya Strasbourg nchini Ufaransa inayofundisha upasuaji wa matundu kwa madaktari kutoka pande zote za dunia. Sasa daktari wa Kampala anaweza kwenda kujifunza kwa basi. Na Uganda yenyewe si mgeni wa kamera: hospitali ya watoto ya CURE ya Mbale, chini ya Benjamin Warf, ilianzisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 njia ya kutibu watoto wenye maji kichwani kwa kamera badala ya mrija wa kudumu, na mbinu hiyo ikaigwa Marekani.

Cha kuuliza, na cha kulipia

Chukua mfano wa mama muuza matooke katika soko la Kalerwe mwenye miaka 54. Anakwenda kumwona daktari na mtoto wa kaka yake, kijana aliyesoma kidogo. Kijana asione haya. Aseme: "Daktari, shangazi yangu ni mtu wa kazi nzito, tunaomba utueleze. Upasuaji huu wa mfuko wa chakula kwa matundu umeufanya kwa wagonjwa wangapi? Ni wangapi ulilazimika kuwafungua katikati? Tukifika hapo, nani anaamua?" Daktari mzuri hachukii. Kufungua katikati si kushindwa, ni usalama, na karatasi ya idhini lazima iseme kwamba mgonjwa amekubali. Mwingine wa kuulizwa ni daktari wa usingizi: kitanda cha uangalizi maalumu kipo usiku wa kwanza? Na umeme ukikatika, jenereta inashika kwa sekunde ngapi? Kamera bila umeme ni giza. Usajili wa daktari unaweza kuuthibitisha kwenye Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda.

Swali moja huulizwa baadaye, majibu ya maabara ya kipande kilichoondolewa yakitoka: tezi ngapi zimepimwa? Kwa saratani ya mfuko wa chakula kiwango kinachotakiwa ni 16 au zaidi. Zikiwa tano, haijulikani kwa hakika ugonjwa umefika wapi, na daktari wa saratani lazima alijue hilo anapopanga dawa.

Upande wa fedha, wodi za kawaida za serikali zilifuta ada mwaka 2001, lakini mgonjwa hujikuta akinunua vifaa. Katika hospitali binafsi, omba makadirio kwa maandishi yanayotaja kila kitu: chumba cha upasuaji, daktari wa usingizi, kitanda cha uangalizi kwa kila siku, damu, maabara ya kipande, na stepla. Hizo stepla ndizo huvuruga hesabu. Vichwa vyake hutumika mara moja tu, vinaagizwa kutoka nje, na upasuaji mmoja hula kadhaa. Uliza viko vingapi ndani ya bei, na kikizidi kimoja utatozwa nini. Damu haiuzwi, benki ya taifa ya damu iko Nakasero, na ndugu wawili watatu wakachangie mapema badala ya kukimbizana siku ya mwisho.

Wiki za kusubiri nazo zina kazi. Acha sigara. Kula mayai, mukene (dagaa), maharage yaliyopondwa, mchuzi wa karanga. Sema dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba na aspirini. Anayetumia dawa za VVU zenye dolutegravir, kama walivyo wengi Uganda, ajue kwamba vidonge vya magnesia huizuia kuingia mwilini. Dawa ya VVU imezwe saa mbili kabla ya magnesia au saa sita baada yake. Vidonge vya madini ya chuma vina kanuni hiyohiyo, isipokuwa vikimezwa pamoja na dawa hiyo wakati wa chakula. Kosa hili hutokea kimyakimya, na mtu anaweza kufika siku ya upasuaji virusi vikiwa vimepanda.

Kurudi Bwaise

Siku ya pili utaambiwa usimame na kutembea, nawe utadhani muuguzi hana huruma. Mwinukie. Kutembea huzuia damu kuganda miguuni na nimonia kuingia. Bega la kulia likiuma bila kuguswa, ni gesi iliyobaki chini ya kiwambo cha moyo. Huisha kwa siku mbili tatu. Wengi hutoka ndani ya wiki moja hivi.

Kinachoogopewa ni mshono wa ndani kuvuja, na hilo hutokea zaidi kati ya siku ya tatu na ya kumi, wakati mwingine mgonjwa akiwa keshafika nyumbani. Homa, moyo kwenda mbio, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, tumbo kukaza, pumzi kubana: usisubiri kupambazuke, wala usipitie kliniki ya jirani. Rudi hospitali ile iliyokupasua usiku huohuo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, ni vilevile.

Matundu hukauka upesi na ndiyo yanayomdanganya mtu. Nje kuna makovu manne au matano mafupi, ndani kuna mfuko uliokatwa na kushonwa upya. Jerikeni la lita 20 lisinyanyuliwe kwa wiki sita. Bodaboda kwenye mashimo ya Bwaise nayo ingoje. Na kama tarehe ya upasuaji inaangukia mvua za Machi hadi Mei au za Septemba hadi Novemba, panga mapema mahali pa kuuguzia: mfereji wa Nsooba na ule wa Lubigi ukifurika, maji yanayoingia ndani yamepitia vyooni. Afadhali wiki tatu kwa ndugu anayekaa mwinukoni.

Kula ni somo jipya. Mfuko uliobaki ni mdogo, kwa hiyo milo ni sita kwa siku, kidogokidogo, na kutafuna hadi chakula kilainike. Maji yanywewe nusu saa kabla au baada ya chakula, si pamoja nacho. Chai ya sukari nyingi, soda na uji mtamu huteremka upesi mno kwenye utumbo. Baada ya dakika 20 hivi mtu hutokwa jasho, moyo unadunda, anataka kulala chini. Wengi hudhani ni malaria au presha. Suluhisho ni kupunguza sukari na kuanza na kitu cha protini: yai, samaki, maharage. Matooke yaliyopondwa na mchuzi wa karanga hukubalika vizuri, ugali mgumu unangoja. Waragi hauna nafasi.

Aliyeondolewa mfuko wote hawezi tena kunyonya vitamini B12 kutoka kwenye chakula. Anahitaji sindano, kwa kawaida moja kila miezi mitatu, maisha yote. Upungufu wake hauji haraka, kwa sababu ini lina akiba ya miaka kadhaa. Unakuja mtu akiwa ameshajisahau, kwa ganzi ya miguu na uchovu. Andika tarehe za sindano nyuma ya kitabu cha matibabu, na kituo cha afya chochote kinaweza kukuchoma.

Kliniki ya kufuatilia ni kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka miwili ya kwanza, kisha kwa nafasi zaidi hadi mitano. Aliyebakiwa na sehemu ya mfuko bado anaweza kuwapa nafasi bakteria, kwa hiyo apimwe choo na atibiwe akikutwa nao. Watoto wake wakubwa na ndugu zake wa tumbo moja nao wapimwe. Wakimaliza dawa za siku 14, warudie kipimo baada ya wiki nne, wakiwa hawajameza omeprazo kwa wiki mbili za mwisho.